Makubazi ya Hajati Rehema

Juzi, baada ya dua ya arobaini ya Hajati Rehema, binti yake Mariamu alinivuta kando kwenye baraza ya nyumba yake kule Kibuli, akanikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya katani. Nilikifungua palepale, maana mimi sijawahi kuwa mtu wa subira. Ndani mlikuwa na makubazi ya ngozi, ya kiume, makubwa, yameliwa kisigino upande wa kulia. Niliyatambua kabla sijamaliza kuchana gazeti. "Mama alisema ni ya duka," Mariamu akaniambia. "Hakusema ni yako wewe, Zamzamu. Alisema ni ya duka." Nikacheka kwa sauti hadi bibi mmoja aliyekuwa akisoma tasbihi akanitazama kwa jicho baya, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na Mariamu akaniletea chai ya tangawizi, akanikalisha kwenye mkeka ili nisiendelee kuwaaibisha.

Watu wakija kuniuliza habari za maduka yangu, wanataka kusikia nilivyoteseka. Nawapa kidogo, wanaandika, wanakwenda zao wameridhika. Ukweli ni kwamba sikuteseka sana. Nilikuwa na kichwa kigumu na ulimi mrefu, na nilikutana na watu watatu wakaidi kuliko mimi. Ya ukoo wangu nayaruka. Mwenye hamu nayo amtafute dada yangu, ambaye akianza hamalizi. Mimi nitasimulia mwaka mmoja tu, ule wa Kyebando, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, kwa sababu bila mwaka ule leo pasingekuwa na tawi hata moja, sembuse kumi na moja.

Kabla ya hapo nilikaa miaka minne nyuma ya wavu wa chuma, katika duka la jumla la mjomba wangu, kule Kisenyi. Enzi hizo maduka karibu yote ya mitaani yalikuwa hivyo: mteja nje, muuzaji ndani, wavu katikati, na kidirisha kidogo cha kupitishia vitu. Kutwa nzima nilisikia wimbo mmoja. "Nipe ile." "Ipi?" "Ile, pembeni ya ile nyingine." Nampa, anaigeuza, anairudisha. Siku moja mwanamke alinirudishia mafuta ya kujipaka mara tatu, na wala hakuwa na ubaya, ila kwamba hakuweza kuyanusa mpaka awe ameyanunua. Nikamwambia mjomba, kwa nini tusiwaache waingie, wanuse, wachague wenyewe? Mjomba alikuwa anakula karanga. Aliacha kutafuna. "Ukiondoa wavu huo, Zam, watakubebea mpaka mizani," akasema. "Kyebando, Kisenyi, popote. Utabaki na kuta." Nilikuwa nimesikia kwamba mjini kwa matajiri yapo maduka ya namna hiyo, lakini yale yalikuwa ya watu wenye magari. Mimi niliyataka mahali ambapo watu wanakwenda kwa miguu.

Chumba nilikipata Kyebando, kwa Hajati Rehema. Alikuwa mjane, Mnubi kama mimi, na kazi yake ilikuwa kusuka vikapu na makawa ya rangi uani kwake. Sebule yake ilitazama barabara, ina mlango mpana na madirisha mawili, na miaka minne ilikuwa imefungwa. Mumewe, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa, ndiye aliyepokea wageni humo, na ndimo alimofia, kwenye kiti chake, adhuhuri, akisubiri chakula. Tangu siku hiyo Hajati hakukanyaga chumba kile. Aliponipa ufunguo alisimama koridoni, akanyoosha mkono mpaka mwisho, mguu wake haukuvuka kizingiti. Miguuni alivaa makubazi ya marehemu, makubwa, akiyaburuza kila aendapo, *para, para*, hata ukiwa nje ulijua Hajati anaelekea jikoni.

"Nakupa mwaka mmoja ujaribu," akaniambia. "Kuna mtu mwingine anakitaka. Hajji Kassim wa vipuri vya magari. Anasema ataniezekea nyumba nzima mabati mapya. Mimi sijamjibu. Ramadhani ijayo, kabla ya Idi, nitaingia mwenyewe nitazame. Nikikuta duka, utabaki. Nikikuta watu wamesimama mlangoni kama wanaomba maji, nampa Kassim, na wewe unarudi kwa mjomba wako. Sawa?" Nilisema sawa haraka sana. Usiku... hapana, sitasema habari za kukosa usingizi. Nililala vizuri tu, na hilo ndilo kosa la ujana. Kulipokucha ndipo nikaelewa kwamba nimepewa mtihani na mwanamke ambaye hawezi kuingia kwenye chumba cha mtihani.

Nilipaka sakafu polishi nyekundu, nikaisugua kwa ganda la nazi mpaka ukainama ukaona meno yako. Mlangoni nikatandika mkeka wa rangi wa Hajati. Kaunta sikuweka, isipokuwa meza ndogo ya kulipia. Rafu zote zilipigiliwa na Afande Okot, polisi mstaafu kutoka kaskazini aliyekuwa jirani yetu, mtu mrefu, mpole, aliyezungumza Kiswahili cha kambini na kutembea wima kana kwamba bado anakaguliwa. Alikuwa pia mlinzi wangu. Mjomba ndiye aliyenishauri niwe na mlinzi, na Afande aliipokea kazi kwa moyo wote. "Mimi nitaangalia mikono," akasema. "Mwizi ni mikono. Uso inaweza danganya." Basi akawa anasimama ndani ya mlango, mgongo barabarani, macho kwenye mikono ya watu. Tatizo lilikuwa moja tu: hapakuwa na mikono.

Mteja wa kwanza alikuwa Nalongo, muuza matoke wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaa mapacha, na aliyekuwa na sauti ya kutosha mitaa miwili. Alisimama nje ya mkeka akatazama ndani. "Mwenyewe yuko wapi?" "Mimi hapa, Nalongo, karibu." "Basi nipe chumvi." "Ingia uchukue." Akarudi nyuma hatua mbili. "Nichukue? Zam, mimi mwizi?" Nikamweleza. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kale, sawa. Nimeelewa. Sasa niletee chumvi." Nikamletea. Wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Mwezi mzima nilikuwa nakimbia kati ya rafu na mlango kama mhudumu wa harusi, na watu wamesimama nje kwa adabu kabisa, wakinielekeza kwa midomo. Mjomba alipita siku moja, akatazama, akaniuliza kama angeniletea wavu wangu wa zamani. Nilimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa na mtu wa umri wangu.

Aliyevunja mwiko ni Nalongo huyohuyo. Mvua ilimkamata mbele ya duka, na hakuwa na pa kukimbilia ila ndani. Alitazama matope miguuni mwake, akatazama sakafu yangu inayong'aa, akasema "Banange, jamani, huku ni sebuleni kwa watu," akavua sapatu zake, akaziacha kwenye mkeka, akaingia peku. Akafumba mikono nyuma ya mgongo, Afande asije akamdhania, akaanza kutembea polepole, shingo mbele, akisoma rafu moja baada ya nyingine. Mvua iliisha, Nalongo hakuondoka. "Chumvi yenyewe ina aina mbili!" akapiga kelele. "Zam, miaka yote hii mlikuwa mnanichagulia nyinyi!" Kesho yake alikuja na jirani zake watatu. Wote wakavua viatu mlangoni, wakafumba mikono nyuma, wakaingia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi, na mimi sikuiweka. Nilijaribu kuwaambia watu waingie na viatu vyao, wakanitazama kama niliyesema waingie na ng'ombe. Mikono nayo niliipatia dawa: nilimwomba Hajati vikapu, nikawa nampa kila mteja kikapu mlangoni, ili mikono iwe na sababu ya kuwa mbele. Afande alifurahi sana, maana sasa alikuwa na cha kuangalia. Ilipofika miezi sita, rundo la kandambili na sapatu mlangoni lilikuwa kubwa hivi kwamba wapita njia waliuliza kama kuna maulidi, au msiba, na wengine waliingia kutoa rambirambi, wakatoka na sukari. Mchana nilikula uani na Hajati, kisra, ule mkate wetu mwembamba wa Kinubi, na mchuzi wa bamia, na kila siku aliniuliza maswali yaleyale huku anasuka. Leo nani kaja? Kasimama nje au kaingia? Kachukua nini? Kakinusa? Alitaka kujua kila kitu. Lakini akitaka sabuni aligonga dirisha la koridoni na kunyoosha mkono, nami nikamwekea kiganjani. Siku moja nikasema, "Hajati, ingia tu uchague." Akang'oa ukindu mmoja uliokaa vibaya. "Nikiingia namwona," akasema. Nikala chakula changu bila kusema neno tena, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Ramadhani ikaja. Likaingia kumi la mwisho, Hajati bado hajaingia. Hajji Kassim akaanza kupita mtaani kila alasiri, anasalimia kwa tabasamu la mtu mwenye haja yake. Niliweza kupanga sabuni, niliweza kupanga sukari, lakini kumpangia mjane moyo wake sikuweza. Kama asingeingia, hukumu ingekuwa ya Kassim, kwa sababu neno lake lilikuwa nitaingia nitazame, na Hajati hakuwa mtu wa kurudi nyuma ya neno. Nilijiona tayari nyuma ya wavu, naulizwa "ile, pembeni ya ile nyingine" mpaka nizeeke. Niliogopa kweli, tena mchana kweupe.

Ilikuwa alasiri, siku nne kabla ya Idi. Duka limejaa watu wa kununua futari: tende, mchele, unga, maziwa. Hajji Kassim akaingia. Alivua viatu vyake kama wengine, akapokea kikapu, akanisalimia, "Asalam aleikum, binti," kisha akajipenyeza kona ya nyuma, penye magunia ya mchele. Nilimtupia jicho. Ameinama, na mkononi ana tepu ya fundi, ile ya chuma inayojikunja yenyewe. Alikuwa anapima ukuta! Damu ilinipanda. Nikainuka nikamwonyeshe kazi, na hapo hapo nikasikia, nje, upande wa barabara: *para, para, para*.

Duka zima likageukia mlango, maana Kyebando nzima iliujua mlio ule. Hajati Rehema alikuwa mlangoni, mlango wa mbele, amevaa mapema gurbaba yake ya Idi, lile vazi letu la Kinubi, amejifunga ushungi mweupe. Alivua makubazi. Akayapanga vizuri, moja kando ya jingine, mbali kidogo na rundo. Akasema bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia. Afande alikakamaa, akapiga saluti. Nalongo, ambaye hajawahi kunyamaza tangu ubatizo, alinyamaza. Hajati alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kushoto, mahali pa kile kiti. Pale mimi nilikuwa nimeweka sabuni. Alisimama. Akagusa ukuta kwa kiganja kizima. Kisha akachukua kipande cha sabuni, akakinusa, akakirudisha, akachukua kingine, akanusa, na cha tatu, na kwenye cha nne akafumba macho. "Hii," akasema. Akageuka akanitazama, machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Zam, miaka arobaini nimeogea sabuni aliyochagua mtu mwingine. Alikuwa ananiletea yeye. Nilidhani naipenda ile. Wallahi siipendi!"

Watu walicheka na wengine walilia, na katika vurugu hiyo hakuna aliyemtazama Hajji Kassim. Hajati alizunguka rafu zote, kikapu mkononi, kikapu alichokisuka mwenyewe. Alipomaliza akaenda mlangoni, akainama kuvaa. Makubazi hayakuwepo.

Mwaka mzima watu walinitabiria wizi. Wataiba sukari, wataiba mafuta, watabeba mizani. Haikuibwa hata njiti ya kiberiti. Kitu cha kwanza kupotea katika duka langu kilikuwa viatu vya marehemu, siku ambayo mjane wake aliingia kunihukumu. Hajati alisimama pale peku, anatazama mahali alipoyaweka, hasemi kitu, na mimi ningetaka aseme lolote, hata anitukane kwa Kinubi.

"Hakuna mtu kutoka!" Afande akanguruma, akajaza mlango kwa mikono miwili. Nalongo akaipata sauti yake. "Afande, mwizi ametoka zamani! Unafungia nani sasa, sisi?" Afande akafikiri. "Wewe unalinda nini hapo mlangoni?" Nalongo akaendelea. Afande alijibu kwa uchungu wa kweli. "Mimi nilikuwa naangalia mikono. Hakuna mtu aliniambia kuangalia miguu." Kisha upolisi ukamrudia. Akaamuru kila mtu aonyeshe viatu vyake. Wakatoka mmoja mmoja, wakachukua, rundo likapungua, likapungua, mpaka kikabaki kitu kimoja kwenye mkeka: viatu vyeusi vya kiume, vya ngozi, vya bei, vina harufu ya grisi. Afande akakiinua kimoja, akakinusa, akampa Nalongo anuse. "Hii ya fundi gari," Nalongo akasema. Nami nikapata pumzi, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ni vya Hajji Kassim. Alikuwa hapa kona anapima ukuta kwa tepu. Kakusikia, Hajati, kakimbia."

Hajati aliuliza mara moja tu, "Anapima?" Nikaitikia. Basi akarudi ndani, akakaa juu ya gunia la mchele, pale pale karibu na ukuta wa kushoto, akaweka kikapu mapajani. "Atarudi," akasema. "Viatu vyangu ni vikubwa, na vyake ni vizuri. Atarudi." Watu nao hawakwenda. Wanawake wakakaa sakafuni kumzunguka, kwenye ile polishi yangu, na Hajati akaanza kusimulia: mumewe alivyokuwa anarudi safari na kujifanya mgeni, anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, alivyomletea papai moja kubwa kutoka mbali, kalipakata njia nzima kama mtoto, kumbe limeoza. Nilimsikia akicheka ndani ya chumba kile kwa mara ya kwanza. Jua likawa linashuka, watu wakafungua tende walizonunua, Nalongo, ambaye hafungi, akaenda kwake akarudi na birika la uji wa moto kwa ajili ya wanaofunga, na adhana ya magharibi ilitukuta wote tumekaa kwenye sebule ya Hajati, ambayo ilikuwa pia duka langu.

Tulikuwa tunatia tende mdomoni tuliposikia nje: *para, para, para*. Hajji Kassim akatokea mlangoni, jasho usoni, makubazi miguuni, na ncha ya tepu inachungulia mfukoni mwa kanzu. "Hajati, samahani sana," akaanza, "nilikuwa na haraka, viatu vimefanana..." Havikufanana hata kidogo, na hakuna aliyejisumbua kumwambia.

"Kassim," Hajati akasema kwa upole, "hiyo tepu ya nini?"

"Nilikuwa napima tu."

"Unapima nini?"

"Ukuta."

"Ukuta wa nani?"

Hajji Kassim akatazama dari. Hajati akasimama. "Mimi niko hai, sijakujibu neno, na wewe unapima chumba changu, kisha unatembea mjini na viatu vya mume wangu?" Kisha Hajati, Mungu amrehemu, akacheka. "Kaa chini, futuru. Njaa haina Kassim wala Zam. Ukimaliza, hiyo tepu mpe Afande."

Akala tende zake kwa macho ya chini, akatoa tepu. Hajati akamwita Afande hadi mlangoni. "Pima hapa," akamwambia, "kutoka hapa hadi hapa. Nataka rafu ya viatu. Rafu ya chini, ndefu. Na uipigilie kwa misumari mirefu, Afande, ile ambayo haing'oki. Kassim, shika ncha." Na Hajji Kassim wa vipuri, tajiri wa Kisenyi, akachuchumaa, akashika ncha ya tepu yake mwenyewe huku Afande akisoma vipimo kwa sauti ya gwaride. Mimi nilisimama nimeshika birika, sielewi. Nalongo ndiye aliyenipiga kumbo. "Mjinga wewe," akaninong'oneza, kwa sauti iliyosikika na wote, "misumari mirefu! Umebaki!" Nikaweka birika chini nikamkumbatia Hajati, uji wote ukamwagika kwenye sakafu yangu. Kassim aliendelea kuwa mteja wangu mpaka alipofariki, na kila alipokuja nilimwuliza kama angependa nimshikie viatu.

Katika matawi yangu yote, karibu na mlango, ipo rafu moja ya chini, ndefu, haina bidhaa. Mameneja wapya huniuliza ni ya nini. Wengine wameweka miavuli, mmoja aliweka matangazo, nikamwondolea. Wateja wa siku hizi huingia na viatu vyao, wanachukua, wanalipa, hawamsalimu hata keshia. Sina ugomvi nao, hivyo ndivyo nilivyotaka.

Jana asubuhi nilikwenda Kyebando. Nyumba imejengwa upya, ghorofa, lakini rafu ya Afande ni ileile. Nilikataza isiguswe, na mafundi waliokuja na nia ya kuing'oa waliishindwa. Nikatoa makubazi kwenye gazeti, nikayapanga juu yake, moja kando ya jingine. Nikavua na viatu vyangu, nikaviweka pembeni, nikasema bismillahi nikaingia peku, meneja ananitazama, hajui acheke au aite daktari. Nyuma yangu alikuwa mama mmoja mwenye kikapu. Aliniona, akatazama sakafu, akatazama miguu yake, akaanza kuinama kuvua naye, kisha akasita, akiangalia kushoto na kulia.

"Usihofu, mama," nikamwambia. "Siku hizi mlinzi wetu anaangalia na miguu."